Kikohozi cha Mtu Mzima

Mtoto alipoacha kupumua mara ya kwanza, Koulsoum alidhani amelala. Alikuwa amemweka begani akimpapasa mgongo baada ya kumnyonyesha, kile kikohozi chake cha siku kadhaa kikaja. Hakikuwa kikubwa. Vilikuwa vikohozi vidogo vidogo vilivyofuatana mbio, bila kupisha pumzi katikati, na baada yake kimya. Koulsoum akashukuru Mungu. Akamshusha mapajani amtazame, akaona midomo imekuwa ya zambarau na macho yamekodolea dari. Hayrat hakuwa amelala.

Ukelele alioupiga ulimtoa mumewe uani mbio. Houssen akamnyakua mtoto kwa miguu, akamning'iniza kichwa chini kama kuku wa sokoni, akaanza kumpiga mgongoni kwa kiganja kile kile alichozoea kubebea magunia. Alimpiga tena na tena. Koulsoum akamrukia mkono, akamng'ata, akidhani anamwua. Ghafla ute mzito kama wa yai ukamchuruzika mtoto puani na mdomoni, akavuta pumzi, akalia kilio chembamba.

Wakabaki sakafuni wote watatu. Mkono wa Houssen ulikuwa unatoka damu pale alipong'atwa. Alitaka kusema neno, lakini kikohozi chake mwenyewe kikamshika, akaegemea mwimo wa mlango, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na mishipa ya shingo ikasimama.

"Saruji," alisema alipotulia, kama alivyosema kila siku tangu arudi. "Vumbi la saruji halitoki kifuani upesi."

Houssen alikuwa mpakiaji wa matishari katika bandari ya Mahajanga. Alikuja nyumbani Andoany, kisiwani Nosy Be, kumwona mtoto wake wa kwanza, na kikohozi kilimwanzia humo humo melini. Hakuna aliyekijali. Mwanamume wa miraba minne kukohoa kidogo baada ya kupakua saruji ni jambo gani?

*

Ua wao ulikuwa nyuma ya soko, nyumba kadhaa zimezunguka bomba moja la maji. Mlango wa pili kutoka kwa Koulsoum alikaa Oumouri, fundi cherehani, na mkewe Echata na binti yao wa miaka minne, Mariyama. Na Mariyama naye alikuwa anakohoa. Chake kilikuwa kikohozi ambacho kila mama wa ua ule alikijua: mtoto hukohoa mpaka akajikunja, ulimi nje, uso mwekundu, halafu mwishoni huvuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo mchanga anayejifunza kuwika, kisha hutapika. Jicho lake moja lilikuwa limevilia damu kwa kukakamaa. Kifaduro. Tangu neno hilo litamkwe uani, watoto wengine walikuwa wakimtupia Mariyama mawe akitoka nje, na mama zao wakitazama pembeni.

Asubuhi ile Koulsoum alimkuta Echata bombani.

"Mama Mariyama, mwanao mfungie ndani."

"Nimfungie kwa nini? Ni mbuzi?"

"Ana kifaduro. Aliingia kwangu, akambusu mwanangu mikono, nikamwona kwa macho yangu haya mawili. Leo mwanangu amekata pumzi."

Echata akaweka ndoo chini. "Pole. Kwa hilo nakupa pole. Lakini mwanangu alikuwa mzima mpaka mumeo aliporudi na kikohozi chake. Nani alikuwa akimpakata Mariyama kila jioni na kumtia peremende mdomoni? Ni mimi?"

"Houssen ni mtu mzima! Umeona wapi mtu mzima akaugua kifaduro?"

"Basi mimi nimesema nilichokiona."

Wanawake wengine waliguna. Mguno ule ndio uliomuunguza Koulsoum, maana hakujua wanaguna wakimuunga nani mkono. Akaipiga teke ndoo ya Echata. Echata akamshika nywele. Wakaanguka kwenye matope ya bombani, wakikwaruzana na kutukanana kwa Kibuki, lugha ya nchi ile, na kwa lugha ya wazee wao, na katika kuvutana leso ya Echata ikachanika, akabaki na gaguro kuukuu lenye viraka mbele ya maseremala waliokuwa ng'ambo ya ua. Maseremala wakacheka. Mmoja akapiga mluzi.

Echata aliokota vipande vya leso, akajifunika alivyoweza, akaenda zake bila ndoo. Koulsoum alisimama akihema, tope mpaka masikioni, na kwa kitambo kidogo alijisikia vizuri.

*

Hayrat alikata pumzi tena kabla ya adhuhuri, na tena baada yake. Fundi wa chuoni, mwalimu wa Kurani, alikwisha kuandika kombe la aya, wakamnywesha mtoto kwa kijiko, akalitapika. Mtoto alikuwa hanyonyi. Kila alipoliweka titi mdomoni kikohozi kilimrudia, na kila kilipomrudia alizidi kulegea. Koulsoum alimgeukia mumewe, aliyekuwa amejiinamia kitandani.

"Umekaa," akamwambia. "Mwanao anakufa, na wewe umekaa."

"Unataka nifanye nini?"

"Echata amenitukana mbele ya watu. Anasema ni wewe uliyeleta ugonjwa. Wewe! Na mumewe yule yuko barazani anashona nguo za watu, kana kwamba hakuna lililotokea. Laiti ningeolewa na mwanamume."

Maneno ya mwisho hakuwa ameyapanga. Yalimtoka tu. Aliona yalivyomwingia Houssen, akaona taya lake linavyokaza, na hakuyarudisha.

Houssen akasimama, akatoka. Koulsoum akamfuata mpaka kizingitini, mtoto kifuani.

Oumouri alikuwa barazani kwake na futi ya kupimia shingoni, akinyoosha kanzu ya mteja kwa pasi ya mkaa. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, wa kucheka na watoto. Alipomwona Houssen anakuja alisema, "Karibu jirani. Mtoto anaendeleaje?"

Houssen alilipiga teke cherehani. Lilianguka kwa kishindo, gurudumu likapasuka. Oumouri akainama haraka kuliinua kama mtu anayemwinua mwanawe, na hapo alipoinama Houssen akaishika pasi kwa mpini, moto wote mle ndani, akampiga nayo usoni.

Koulsoum alifurahi. Ukweli ndio huo. Pigo la kwanza lilipotua moyo wake uliruka kwa furaha, na la pili lilipotua furaha haikuwapo tena, na alikuwa anapiga kelele, "Basi! Houssen, basi!" Kifuniko cha pasi kikafunguka, makaa yakamwagika juu ya kanzu na juu ya miguu ya Oumouri. Harufu ya nguo na nywele zinazoungua ikajaa uani. Oumouri alikaa chini taratibu, kiganja juu ya jicho, damu ikimpita katikati ya vidole.

"Nimekosa nini?" akauliza. "Houssen, nimekukosea nini?"

Mariyama alikuwa mlangoni. Hofu ikakiamsha kikohozi chake, akaanguka kwa magoti, akakohoa na kuwika juu ya makaa yale, na mama yake hakujua amkimbilie nani, mume au mtoto.

Maseremala waliruka ua, wakamkamata Houssen. Alimpiga mmoja kiwiko cha mdomo, meno yakatoka. Wangemvunja pale pale, lakini kikohozi kilimjia, akajikunja mikononi mwao, akakohoa kwa nguvu hata wakashtuka, wakalegeza mikono. Akachomoka. Alikimbia na njia ya bandarini, na meli ya mizigo iliyokuwa inakwenda Mahajanga siku ile ilikuwa bado haijang'oa nanga.

*

Askari walimkuta Koulsoum hospitali ya mji, kwenye foleni ya kina mama wenye watoto. Walikuwa wawili, na sare zao zilikuwa mpya, maana uhuru wenyewe ulikuwa bado mpya. Walimsimamisha mbele ya watu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sijui."

"Ulikuwepo alipompiga yule?"

"Nilikuwepo."

"Nani alimtuma?"

Koulsoum akamtazama mtoto wake. "Hakuna aliyemtuma," akasema.

Oumouri alikuwa amelazwa katika jengo hilo hilo, wodi ya wanaume. Jicho lilikwisha kutolewa. Echata alikaa kwenye benchi la veranda na Mariyama miguuni, na kila Koulsoum alipopita aligeuza uso ukutani.

Daktari alikuwa kijana kutoka nyanda za juu, na Kibuki chake kilikuwa cha huko, kwa hiyo alisema polepole ili aeleweke. Alimvua Hayrat nguo, akasikiliza kifua, akamchoma sindano, akamwekea mrija mwembamba wa kumvuta ute. Kisha akauliza, "Nani alikohoa kwanza nyumbani?"

"Mtoto wa jirani."

"Yule aliye verandani? Nimemwona. Yule na huyu wako walianza karibu siku moja. Hawakuambukizana. Yuko mtu aliyewaambukiza wote wawili. Nani alikuwa anakohoa kabla yao?"

Koulsoum akamfunika mtoto kifua.

"Baba yake je?"

"Baba yake ni saruji, daktari. Ni vumbi la kazini. Na kifaduro aliugua utotoni, mama yake ameniambia. Hakimrudii mtu."

"Kinamrudia," daktari alisema. "Mtu mzima aghalabu hawiki kama watoto, ndiyo maana hashukiwi. Anakohoa tu, wiki baada ya wiki, anakwenda kazini, anapakata watoto. Yeye hakimlazi kitandani. Lakini mchanga kama huyu hana nguvu ya kukitoa. Anaacha kupumua."

Koulsoum aliisikia sauti ya Echata pale bombani, kila neno. Akakumbuka Houssen alivyompokea Hayrat siku aliyofika, alivyoweka uso wake juu ya uso wa mtoto na kucheka, na kukohoa, na kucheka tena.

"Huko alikokimbilia," daktari akauliza, "kuna mtoto mdogo?"

Alikuwepo. Houssen akiwa Mahajanga hulala kwa dada yake Halimati, mtaa wa Mahabibo, na Halimati alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki chache baada ya Koulsoum.

"Mtoto huyo apelekwe hospitali leo, si kesho. Iko dawa; ikimwahi kabla kikohozi hakijakolea inaweza kumwokoa. Naweza kupeleka telegramu. Wanakaa nyumba gani?"

Koulsoum aliwaza nyumba zile za mabati zilizobanana, zisizo na namba, watu wote wakiitwa kwa majina ya watoto wao. "Haitawafika," akasema.

Kisha akauliza, "Na huyu wangu?"

Daktari aliosha mikono yake muda mrefu. "Huyu tunajaribu," alisema.

Walijaribu. Asubuhi moja, jua limekwisha kuingia wodini na wafagiaji wanapiga maji sakafuni, Hayrat alikohoa mara chache tu, kwa uchovu, akageuka rangi. Muuguzi alikuja mbio na mrija. Daktari akambonyeza kifua kwa vidole viwili, akampulizia pumzi mdomoni, akambonyeza tena kwa nguvu hata Koulsoum akasikia kitu kinalia ndani ya kifua kile kidogo kama kijiti. Waliendelea mpaka muuguzi akaweka mkono juu ya mkono wa daktari.

Koulsoum alitoka na mtoto akiwa amefungwa katika shuka. Verandani Echata akasimama. Akajifunika kichwa vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Pole, mama Hayrat."

Koulsoum alitaka kusema. Akapita.

*

Walimzika Hayrat siku ile ile. Asubuhi yake Koulsoum alikuwa bandarini. Shangazi zake walimfuata mpaka gatini wakimvuta nguo: mama gani anayeondoka msibani kumkimbilia mume mhalifu? Mmoja alimwambia hana haya. Hakuwajibu, maana kama angeanza kueleza angelazimika kueleza yote. Alikaa melini juu ya magunia ya pilipili manga kati ya watu waliokuwa wakitapika, maziwa yakimlowesha kifua, mpaka Mahajanga.

Alifika mchana wa jua kali. Alitembea kutoka bandarini hadi Mahabibo bila kupumzika, vumbi jekundu likimpanda miguuni, akiuliza njia mara mbili kwa sababu mabati yote yalifanana. Akaisikia nyumba kabla hajaiona. Alikijua kikohozi kile kama alivyoijua hatua ya mumewe.

Houssen alikuwa amelala kivulini kwenye kitanda cha kamba, na juu ya kifua chake kilikuwapo kitoto cha Halimati, kifudifudi, uchi, kimesinzia. Alikuwa akikiimbia.

"Wifi!" Halimati alipaza sauti kutoka jikoni, uso wote furaha. "Umekuja bila hata kutuarifu? Na Hayrat yuko wapi?"

Koulsoum alikwenda moja kwa moja kitandani, akamnyakua mtoto kifuani kwa Houssen, akarudi nyuma naye mpaka ukutani. Mtoto akashtuka, akalia.

"Koulsoum!" Houssen akakaa kitako. "Una nini?"

"Usimsogelee! Halimati, mtoto huyu apelekwe hospitali. Kaka yako ana kifaduro."

Halimati alimtazama kama anayetazama mtu aliyepandwa na shetani. "Nipe mwanangu, wifi."

"Hospitali kwanza."

"Nipe mwanangu!"

Elamine, mume wa Halimati, alitoka ndani amefunga kikoi, usingizi bado machoni. Aliona mkewe analia na mwanamke wa vumbi tupu amemkumbatia mwanawe. Hakuuliza. Akamkwapua mtoto, akampa mama yake, kisha akamshika Koulsoum mkono, akaukunja nyuma, akamburura uwanja mzima na kumtupa njiani. Koulsoum alianguka kwa uso. Majirani walikwisha kutoka. Aliinuka, mdomo umepasuka, akaingia tena. Elamine akampiga kofi, akaanguka, akainuka.

"Shemeji, nipige," akasema. "Nipige utakavyo. Lakini mtoto mpeleke."

"Ondoka kwangu. Umetuletea wazimu."

"Mwache!" Houssen alisema. Alikuwa amesimama sasa, rangi imemtoka. "Koulsoum. Mtoto wetu yuko wapi?"

"Tumemzika."

Houssen alishika nguzo ya kitanda. Kisha ile sura aliyoijua Koulsoum, sura ya siku ile ya pasi, ikamjia tena usoni, polepole, kama maji yanayojaa.

"Oumouri," akasema. "Wallahi nitarudi. Safari hii sitamwachia hata jicho la pili."

Koulsoum hakujua aliupata wapi ukuni. Ulikuwa mkononi mwake tayari, ukuni wa mkoko, mzito kama chuma. Alimpiga nao mbavuni kwa mikono miwili, akampiga begani, na Houssen, mwanamume aliyebeba magunia mawili kwa mpigo, akarudi nyuma hatua kwa hatua mbele ya mkewe.

"Ni wewe!" alikuwa akilia. "Si Oumouri, ni wewe! Mariyama umemwambukiza wewe! Hayrat umemuua kwa kumbusu! Na mimi nikakutuma, nikakutuma ukamtoe mtu jicho bure!"

Houssen alipandisha ngumi. Angempiga, kila aliyekuwepo alisema baadaye kwamba angempiga na angemmaliza. Akafungua mdomo kufoka, na badala ya neno kikatoka kikohozi. Kikafuatwa na kingine, na kingine, mbio, mpaka ngumi ikashuka na magoti yakakunjika. Alikuwa mikono chini kama mnyama, ulimi nje, uso umevimba, macho yanataka kumtoka. Hakuna aliyemgusa. Ndipo pumzi ikamrudia, na ilipomrudia iliingia na mlio. Mlio ule wa jogoo, kutoka kifuani mwa mtu mzima. Kisha akatapika vumbini.

Halimati alikuwa amelea umri wake wote watoto wa watu na wa kwao, na mlio ule alikwisha kuusikia vya kutosha. Alimtazama kaka yake pale chini. Akamtazama mtoto aliye mikononi mwake, akakumbuka, bila shaka, usiku na mchana wote aliomwachia Houssen ampakate ili yeye apike.

"Elamine," akasema, sauti yake tulivu ya kutisha. "Niletee leso yangu. Na huyu asiingie tena ndani."

Waliondoka wanawake wawili, mmoja na mtoto, mwingine na damu mdomoni, wakikimbia katikati ya mtaa. Elamine alichukua panga, akakaa nalo kizingitini akimkabili shemeji yake.

*

Mtoto alipewa dawa siku ile, na siku zilizofuata. Alikohoa, hata hivyo. Koulsoum alibaki hospitali na Halimati, wakipokezana kumshika wima, na kila kikohozi kilipoanza walishikana mikono bila kujijua, wakisikiliza. Lakini pumzi haikukatika. Alinyonya. Siku moja alimkojolea Koulsoum tumboni kwa nguvu, Halimati akacheka, halafu akaona aibu kucheka mbele yake, wakalia wote.

Houssen alikuwa anakuja nje ya ukuta wa hospitali. Hakuruhusiwa kuingia. Koulsoum alimwendea mara moja tu, akasimama mbali naye. Alikuwa amekonda. Ubavu mmoja ulimuuma pale ukuni ulipompata, na akikohoa aliushika.

"Alilia?" akauliza. "Mwishoni?"

"Hakuweza kulia."

Houssen akauinamia ukuta. Kisha akasema, "Niambie la kufanya."

"Nenda Andoany."

"Watanifunga."

"Watakufunga."

"Na wewe?"

"Mimi hakuna atakayenifunga," Koulsoum alisema, akarudi ndani.

Houssen alijisalimisha kituoni Mahajanga, akasafirishwa Nosy Be kwa pingu, akahukumiwa kifungo. Mbele ya hakimu alisema alimpiga Oumouri kwa hasira zake mwenyewe. Jina la mkewe hakulitaja.

*

Koulsoum aliporudi Andoany aliingia uani asubuhi, wakati wanawake wote wako bombani. Oumouri alikuwa barazani, kitambaa cheupe kimefunika upande mmoja wa uso, akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ulipita kando ya tundu. Akajaribu tena, ukapita kando. Echata akauchukua mkononi mwake bila neno, akautunga, akamrudishia.

Koulsoum alisimama mbele ya baraza. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Mahajanga, na yote yalimtoroka isipokuwa yale machache.

"Mama Mariyama, ulisema kweli. Houssen ndiye aliyewaambukiza watoto wote wawili. Daktari aliniambia kule hospitali, na nikapita mbele yako nikanyamaza. Na Houssen hakuja hapa peke yake. Mimi nilimtuma. Nilimwambia maneno ambayo mwanamume hawezi kukaa nayo. Baba Mariyama, jicho lako nimelitoa mimi."

Oumouri aliiweka sindano chini. Alimtazama kwa jicho lililobaki, akaangalia pembeni.

Echata alishuka barazani. Alimpiga Koulsoum kofi lililosikika mpaka kwa maseremala. Akampiga la pili, la upande wa pili. Alimvua leso ya begani, akaikanyaga topeni, akamshika shingo ya gauni, akamtikisa. "Nilikupa pole!" alikuwa akisema kwa meno yaliyobanwa. "Nilisimama nikakupa pole!" Koulsoum aliacha mikono yake ikining'inia. Damu ilimtoka puani, ikadondokea mkononi mwa Echata, na Echata akaunyanyua mkono huo huo kumpiga tena.

Ndani, Mariyama akaanza kukohoa. Wiki zilikuwa zimepita, na kifaduro kilikuwa bado hakijamwacha.

Mkono wa Echata ukabaki hewani. Kisha akageuka, akakimbia ndani, na Koulsoum akakimbia nyuma yake. Mtoto alikuwa amejikunja juu ya mkeka, amekwisha kubadilika rangi. Echata akamwinua, akamshika paji la uso kwa kiganja, akaangaza macho huku na huku chumbani.

"Beseni," akasema. "Liko nyuma ya mlango. Lete upesi."

Koulsoum akalileta, akapiga magoti, akalishika chini ya kidevu cha mtoto.